SAMAKI WA ZIWA LA NAIVASHA
Mafundisho kwa wavuao kwa mshipi na wavuao kwa wavu

Ziwa la Naivasha liko Kenya, katika Bonde la Ufa, yapata futi 6,200 juu ya usawa wa bahari. Mito miwili mikubwa inayolilisha ni Malewa na Gilgil. Mto wa kutoka haupo, na kwa desturi ziwa lisilo na mto wa kutoka huwa na maji ya magadi, kama yalivyo maji ya Nakuru na Elmenteita yaliyo jirani. Walakini maji ya Naivasha ni matamu, kwa maana sehemu yake hupenya chini ya ardhi na kwenda zake, nayo huchukua chumvi pamoja nayo.

Jambo la pili la kujua ni kwamba ziwa hili si refu kwenda chini. Ukiacha lile shimo la kando ya Crescent Island, ambalo kina chake hukaribia futi 60, mahali pengi jiwe lililofungwa kamba hufika topeni kabla ya kamba kupita futi 20. Tena maji hupanda na kushuka sana. Yako miaka ambayo ufuo umerudi nyuma hata watu wakalima mahali palipokuwa na mitumbwi, na iko miaka, kama ule wa 2020, ambayo maji yalipanda yakaingia majumbani. Mtu apimaye mambo ya samaki wa Naivasha hana budi kukumbuka kupanda na kushuka huku, la sivyo atawalaumu wavuvi kwa kazi ya mvua, au ataisifu mvua kwa kazi ya wavuvi.

Kwa kuwa maji ni mafupi, mwanga wa jua hufika chini, na mwanga ukifika chini magugu huota. Habari yote ya samaki wa ziwa hili imefungamana na magugu, nasi tutarudi kwayo mara nyingi.

Samaki walikotoka

Wageni wengi hudhani kwamba samaki wa Naivasha wamekuwako tangu zamani. Sivyo. Samaki wa asili wa ziwa lenyewe alikuwa wa aina moja tu, kisamaki kidogo kisichotosha hata kitoweo cha mtoto, naye alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Wengine wote wameletwa na watu, kwa kusudi au kwa bahati.

Mwaka 1925 aliletwa perege mweusi kutoka katika mito ya Kenya. Mwaka 1929 akaletwa samaki wa Marekani aitwaye besi mdomo-mkubwa, naye akatiwa tena baadaye zaidi ya mara moja. Kusudi la kumleta halikuwa chakula cha wenyeji. Aliletwa ili mabwana wenye mashamba kando ya ziwa wapate mchezo wa kuvua kwa mshipi, maana besi ni samaki mkali, akishikwa na ndoana huruka juu ya maji, hutikisa kichwa, hukimbilia magugu, na mvuvi asiye na mkono mzuri hupoteza samaki na mshipi pamoja. Mwaka 1956 wakatiwa perege wa aina nyingine mbili: mmoja alaye majani, na mwenziwe aliyekuja amechanganyika naye. Yule perege wa kwanza, mweusi, baada ya miaka ya 1970 kuanza hakuonekana tena. Mwaka 1970 aliletwa kamba wa maji baridi, mwekundu, kutoka kusini mwa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kapi akaingia bila kualikwa, akishuka kwa mto kutoka upande wa juu. Mwaka 2011 sato walitiwa ziwani, na baada yao kambare nao wakaonekana.

Kwa hiyo Naivasha ni kama shamba lililopandwa mbegu za kigeni moja baada ya moja, kila mpandaji akitazama mbegu yake tu. Sisi watu wa kilimo twajua jinsi shamba kama hilo linavyokuwa.

Tabia ya besi

Besi hula samaki wenziwe. Akiwa kifaranga hula wadudu wadogo wa majini. Akikua hula vifaranga vya samaki wengine, vyura, na kamba. Yasadikiwa kwamba yule kisamaki wa asili aliyepotea aliishia matumboni mwa besi, na mimi sioni sababu ya kushangaa, kwa kuwa samaki yule hakuwahi kuishi na adui wa namna hii wala hakujifunza kujificha.

Namna yake ya kuwinda ni kuvizia. Hakimbizi windo kwa mbali. Hukaa kimya kando ya magugu au chini ya mafunjo yaliyoinama, mwili wake wa rangi ya majani ukiwa umepotea katika kivuli, kisha hutoka kwa ghafula. Ndiyo sababu mvuvi mwenye akili hatupi ndoana katikati ya maji matupu. Huitupa ukingoni, mahali magugu yanapokwisha na maji wazi yanapoanza.

Wakati wa kuzaa, dume husafisha mahali chini kwa mkia wake, penye mchanga au mizizi, katika maji mafupi karibu na ufuo. Jike hutaga maelfu ya mayai hapo, akaenda zake. Dume hubaki. Huyapepea mayai kwa mapezi yake yasifunikwe na tope, na hushambulia kila kinachokaribia. Hata vifaranga wakisha kutoka huwalinda kwa siku kadhaa. Wakati huo hali sana, walakini hupiga kila kitu kinachopita mbele yake kwa hasira, hata kipande cha mti kilichofungwa ndoana. Basi ni rahisi mno kumshika, na mtu huenda nyumbani akijisifu. Hajui kwamba perege wadogo waliokuwa wakingoja pembeni wameyala mayai yote hata kabla hajafika kwenye gari lake. Amechukua samaki mmoja katika kikapu, na kizazi kizima kimepotea majini.

Mwenye kuona duara jeupe chini ya maji mafupi, na samaki mmoja juu yake asiyetaka kuondoka, ampitie mbali.

Perege nao hutunza watoto, ila kwa njia zao. Yule alaye majani hutaga chini, na baba na mama hulinda pamoja. Yule mwingine, dume huchimba shimo la duara na jike akisha kutaga huyachukua mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe. Jike huyu akinaswa na wavu huyatema mayai kwa fadhaa. Mvuvi huona samaki mmoja tu, wala haoni alichokitema. Kwa kuwa nchi ya Naivasha haina baridi kali ya kuzuia uzazi, perege huzaa miezi mingi ya mwaka, na mahali pao pa kuzalia ni palepale pafupi penye magugu. Kwa sababu hiyo mlinzi wa ziwa atakayeulizwa ni mahali gani patunzwe kwanza, asisite kuuonyesha ufuo.

Magugu: mangapi yanatosha?

Watu wa mashua huyachukia magugu, kwa maana huzonga kasia na mashine. Mvuvi wa mshipi huyalaani ndoana yake ikikwama. Na mvuvi wa wavu hupoteza nusu ya asubuhi akiyatoa nyavuni. Ukiwauliza hawa watatu watasema yafyekwe yote. Lakini ukifyeka yote utakuwa umebomoa nyumba za samaki.

Kifaranga wa samaki ana maadui wengi: besi, mnandi, mdiria, hata ndugu zake wakubwa. Maficho yake ni magugu yaotayo chini ya maji, na humo pia ndimo wanamozaliwa wadudu anaowala. Magugu hayo hushika tope lisitibuke upepo wa alasiri unapovuma, nao Naivasha huvuma karibu kila siku. Tope likitulia, mwanga hushuka. Mwanga ukishuka, magugu huzidi. Kinyume chake ni kweli vilevile: magugu yakitoweka, tope hutibuka, maji huwa ya rangi ya chai ya maziwa, mwanga haushuki, na magugu hayawezi kurudi hata kama mbegu zipo. Ziwa fupi lina hali hizi mbili, ya maji maangavu na ya maji ya tope, na likisha kuingia katika moja si rahisi kulitoa.

Walakini magugu yakizidi kiasi huleta madhara mengine. La kwanza ni la kupumua. Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini. Mchana magugu huitoa kwa wingi; usiku nayo huivuta kama wanyama. Pahali palipofungana magugu, maji ya alfajiri huweza kupungukiwa na hewa kabisa, na samaki wakaonekana juu wakitwetea. Mvua kubwa ikija baada ya kiangazi kirefu, ikachukua samadi na takataka za nchi kavu na kuzimwaga ziwani, kuoza kwake hunyang'anya hewa iliyobaki. Februari 2010 samaki wengi walielea wamekufa Naivasha baada ya mvua za namna hiyo. Wengi waliyalaumu madawa ya mashamba ya maua, na sina haja ya kuyatetea madawa. Lakini upungufu wa hewa peke yake hutosha kuua samaki wengi kwa usiku mmoja, na aonaye samaki wafu yafaa aulize kwanza habari za mvua na za upepo wa siku zilizotangulia.

Madhara ya pili ya magugu mengi ni ya kupita kiasi kwa watoto. Maficho yakiwa mengi mno, besi hawafikii windo lake. Perege wadogo hawapungui, huongezeka maelfu kwa maelfu, chakula hakiwatoshi, wote hudumaa. Mwenye bwawa shambani anaijua hali hii: maji yamejaa samaki, wala hakuna hata mmoja wa kukaanga. Tena perege aliyedumaa hazai kwa uchache ati kwa sababu ni mdogo. Huanza kuzaa akingali mdogo vilevile, na msongamano huzidi.

Wataalamu wengi wa mabwawa husema kwamba magugu yakishika robo au theluthi ya eneo la chini, samaki wakubwa na wadogo huenda pamoja vizuri. Nasema hivi kama kipimo cha jicho, si sheria. Na haja si wingi tu. Umbo nalo lina maana. Magugu yenye njia na vishimo, yaani yenye kingo nyingi, hufaa kuliko pazia moja refu. Kwa hiyo anayepewa kazi ya kufyeka na akate vichochoro kutoka ufuoni kwenda maji wazi, asifyeke kama akatavyo nyasi za uwanja wa mpira.

Magugu yaeleayo ni habari nyingine. Hayo hayana nyumba ndani yake iliyo bora kama ya yale ya chini, na huzuia mwanga. Salvinia ilionekana Naivasha miaka ya 1960, na gugu maji lenye ua la zambarau mwaka 1988. Miaka ya 1990 walitiwa fukusi walao mimea hiyo na hakuna kingine, nao wameipunguza sana salvinia. Gugu maji bado huonekana, likisukumwa na upepo toka ufuo huu kwenda ule, na mara nyingine hufunga mwalo hata mitumbwi isitoke.

Kamba mwekundu na hasara ya yungiyungi

Alipoletwa kamba mwaka 1970, sababu zilikuwa nzuri: angekuwa chakula cha besi, na biashara kwa wavuvi. Yote mawili yalitokea. Besi walimla kwa furaha, hata akawa sehemu kubwa ya chakula chao, na kamba wakauzwa mpaka Ulaya. Lakini kamba hula majani. Aliongezeka kuliko midomo ya kumla, akayakata magugu ya chini kama viwavijeshi wakatavyo mahindi. Ilipofika mapema miaka ya 1980 magugu yale yalikuwa karibu yamekwisha, na yungiyungi la samawati, ambalo picha zake za zamani hufunika ghuba nzima, likatoweka mahali pengi. Chakula kilipokwisha kamba naye akapungua, magugu yakarudi kidogo. Kamba akaongezeka tena, magugu yakarudi nyuma.

Msomaji aone mzunguko huu. Samaki wa kuvuliwa walipungua bila mtu kuongeza wavu hata mmoja, kwa sababu maficho ya vifaranga vyao yaliliwa.

Wavu na mshipi

Tangu 1929 mpaka 1959 besi wa Naivasha alikuwa samaki wa mshipi. Mwaka 1959 uvuvi wa biashara kwa nyavu ulifunguliwa, na hapo ndipo ulipoanza ugomvi ambao haujakwisha. Mwenye mshipi husema kwamba wavu umemaliza besi. Mwenye wavu husema kwamba besi ndiye amalizaye perege wake, na kwamba si haki ziwa kutunzwa kwa ajili ya mtu avuaye Jumamosi akipumzika, hali yeye avua ili watoto wale Jumatatu. Kwa maoni yangu wote wawili wana sehemu ya kweli, ila mwenye wavu ana neno zito zaidi, kwa sababu ya hao watoto. Lakini uzito wa neno lake hauongezi samaki majini.

Mwaka 1970 ziwa lilitoa zaidi ya tani 1,000 za samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno ya mwaka yalikuwa yameanguka hata kufika makumi machache tu ya tani. Mwaka 2001 serikali ililifunga ziwa kwa mwaka mzima, mitumbwi ikapandishwa ufuoni. Aliyekuwa na shamba alilima. Asiyekuwa nalo alitafuta kibarua, au aliingia majini usiku kwa siri. Kufunga ziwa ni dawa chungu, hutolewa pale tu ambapo dawa ndogo zilikataliwa kwa muda mrefu.

Dawa ndogo ya kwanza ni jicho la wavu. Wavu wa kusimama hunasa samaki kwa matamvua: aliye mdogo hupita, aliye mkubwa mno hugonga akarudi, na wa kadiri hukwama. Basi mwenye kuchagua jicho amechagua umri wa samaki atakayemuua. Jicho la inchi 4, likipimwa kwa kulivuta mpaka likanyoka, humwacha perege mdogo apite, apate kuzaa walau mara moja. Jicho la inchi 2 humchukua kabla hajazaa. Mvuvi wa jicho dogo hupata samaki wengi kwa hesabu wiki ya kwanza, na jirani zake huona wivu, nao hununua nyavu kama zake. Mwaka wa pili wote hupata wachache na wadogo, na hapo kurudi jicho kubwa ni shida, kwa maana samaki wakubwa wa kulijaza hawapo tena. Mbaya kuliko wavu wa jicho dogo ni kokoro, livutwalo kutoka maji mafupi hadi ufuoni. Kokoro halichagui. Huburura mayai, mashimo ya kuzalia, magugu na vifaranga vyote pamoja.

Dawa ya pili ni kuhesabu vyema. Watu wengi hutazama jumla ya samaki walioletwa mwaloni, na jumla hudanganya. Tuseme mwaka mmoja nyavu 100 zimeleta samaki 1,000 kwa usiku, yaani samaki 10 kwa kila wavu. Mwaka wa pili nyavu ni 200, na samaki 1,200. Karani ataandika kwamba uvuvi umekua. Lakini kila wavu sasa umepata samaki 6 tu, na mwenye wavu anajua nyumbani kwake kwamba hali si njema. Kwa hiyo katika daftari la mwalo, iwe Kamere au Karagita, yaandikwe mambo mawili bega kwa bega: samaki wangapi, na nyavu ngapi. Mwenye mshipi naye aandike samaki wangapi na saa ngapi alizovua, pamoja na siku ambazo hakupata kitu. Hizo siku tupu watu huona haya kuziandika, na bila hizo daftari lote halina faida.

Yafaa pia kupima urefu, kutoka pua hadi ncha ya mkia, kwa ubao wenye alama. Katika nchi za baridi wataalamu huhesabu mapete ya magamba kama mapete ya mti wapate kujua umri wa samaki. Kwetu, ambako hakuna majira ya baridi ya kusimamisha kukua, mapete hayo si ya kuaminika sana, hivyo urefu ndio mwalimu wetu. Samaki 100 wakipimwa na wengi wakawa wa kimo kimoja kidogo, wamedumaa au wakubwa wamevuliwa wote. Ili kujua ni lipi kati ya hayo, tazama unene wao. Samaki mwembamba mwenye kichwa kikubwa ana njaa, kwa hiyo ziwa limesongamana. Samaki mdogo lakini mnene ana chakula tele, na upungufu uko kwa wakubwa, waliokwenda nyavuni.

Katika Alabama, Marekani, bwana mmoja jina lake Swingle aliuchunguza sana uwiano huu katika mabwawa ya mashamba miaka ya 1930 na 1940, akitumia besi yuyu huyu pamoja na samaki mdogo wa kwao. Alionyesha kwamba ukiwaondoa besi wengi mapema mno, wadogo hujaa na kudumaa, na msongamano huo huwazuia hata besi waliobaki wasizae vizuri, kwa kuwa wadogo hula mayai yao. Mwenye bwawa la namna hiyo akitia besi wengine wachanga huwatia midomoni mwa adui. Humbidi kwanza kuwapunguza wadogo. Naivasha si bwawa la shamba, ni ziwa la maili za mraba nyingi, lakini kanuni ya midomo na chakula ni ileile.

Kapi

Kapi amebadili mambo. Tangu alipozoea ziwa aliongezeka upesi hata kabla ya mwaka 2010 akawa ndiye sehemu kubwa mno ya samaki waliovuliwa. Jike kubwa hutaga mayai kwa malaki, akiyabandika katika mimea. Hula kwa kufukua tope kwa mdomo kama nguruwe, na hivyo hung'oa magugu machanga na kuchafua maji. Besi awindaye kwa macho hupata taabu katika maji ya namna hiyo.

Lakini nisimseme kapi kwa ubaya tu. Anakua haraka, ana nyama nyingi, na hula kamba. Wavuvi waliokuwa na njaa baada ya 2001 walipata riziki kwake, na mama wauzao samaki wa kukaanga wamejifunza kumkata vipande vyembamba ili miiba isiwasumbue wanunuzi. Kumwondoa ziwani haiwezekani tena. Linalowezekana ni kumvua kwa bidii, hasa wakubwa, kwa nyavu za jicho pana sana ambazo perege na besi wengi hupita salama. Mwenye mshipi akimshika kapi asimrudishe majini kwa huruma. Ampeleke nyumbani, au ampe mtu.

Kuvua kwa mshipi na kumrudisha besi

Saa njema ni alfajiri na jioni, kabla ya upepo au baada yake. Fimbo iwe imara, na mshipi wa nguvu, maana samaki akishaingia mafunjoni mshipi mwembamba hukatika naye huondoka na ndoana mdomoni. Chambo chema ni kamba, au samaki wa mti aliyepakwa rangi, au kijiko cha shaba kinachozunguka. Penye magugu mengi itumike ndoana yenye ulimi wa waya wa kuziba ncha, isinase majani. Kijiko kitupwe kikae kidogo, kisha kivutwe taratibu.

Besi atakayerudishwa na ashikwe kwa mkono uliolowa, kwa kuwa mkono mkavu huondoa ute wa ngozi, na palipoondoka ute ukungu huingia. Ashikwe mdomo wa chini kwa kidole gumba. Mwenye uzito asining'inizwe kwa taya peke yake, tumbo liungwe mkono kwa chini. Ndoana isiyo na kulabu hutoka upesi. Ikiwa imemezwa mpaka kooni, ukate mshipi, kuliko kuchimba. Kukaa kwake nje ya maji kusizidi muda ambao wewe mwenyewe waweza kuzuia pumzi. Arudishwe yule wa kadiri, ambaye atazaa miaka kadhaa, na mama mkubwa mwenye mayai. Wadogo wachache waweza kuliwa bila hasara mahali wanapozidi.

Tena jihadhari na kiboko. Wengi wavuao Naivasha bila mashua huingia majini hadi kifuani wakitega nyavu, na wako waliopoteza maisha. Kiboko hutoka usiku kula nyasi na hurudi asubuhi. Anayesimama kati yake na maji amesimama mlangoni pake. Usiingie mafunjoni penye njia iliyokanyagwa pana, wala usifunge mashua penye maji yatoayo mapovu makubwa.

Jambo moja la mwisho kwa wote, wa mshipi na wa wavu. Usichukue samaki hai, wala kamba, wala ndoo ya maji yenye vifaranga, kutoka ziwa moja kwenda lingine au kutoka bwawa la shamba kwenda mtoni. Mwenye bwawa kando ya Malewa na aweke wavu mdogo katika bomba la kutolea maji, aukague kila mara mvua inapokuwa kubwa. Na akionekana samaki usiyemjua, usimtupe. Mtie katika chumvi au barafu, andika siku, mahali, kina cha maji na aina ya wavu, umpelekee afisa wa samaki siku hiyohiyo.